Wakati wa Kupanda Kunde na Njahi kwa Ajili ya Kulungu wa Marekani

Mkulima wa Kenya aishiye karibu na msitu hupanda kunde zake kwa hofu. Akiisha kupanda hujenga ua wa miiba, hutundika makopo matupu kwenye kamba ili yagongane kwa upepo, na pengine hukesha shambani usiku na tochi mkononi, nguruwe mwitu na nyani wasije wakamwachia mabua matupu. Basi msikilizaji na afikiri jinsi mkulima huyo atakavyostaajabu akiambiwa kwamba katika majimbo ya kusini ya Marekani, kama vile Georgia, Alabama, Mississippi na Texas, wako wenye mashamba ambao kila mwaka hulima ekari nzima nzima, hutia chokaa na mbolea, hupanda kunde na njahi, kisha hurudi nyumbani wakitumaini kwamba wanyama wa msituni watakuja kuzila.

Watu hao hawakurukwa na akili. Hotuba hii yaeleza sababu ya kazi yao, na hasa yaeleza jambo moja ambalo wengi wao hulikosea mwaka hadi mwaka, nalo ni wakati wa kutia mbegu ardhini. Jambo hilo si geni kwa watu wa Kenya, kwa maana mimea yenyewe asili yake ni Afrika, na aina moja huitwa hata leo kwa jina la mahali palipo katika Bonde la Ufa.

Mnyama anayelimiwa shamba hilo huitwa kwa Kiswahili kulungu, lakini si sawa na kulungu wa Mlima Kenya. Huyu wa Marekani ana mkia ambao chini yake ni mweupe kabisa, naye akishtuka huuinua kama bendera akikimbia. Tena, kulungu wa Kenya huota pembe mara moja akakaa nazo maisha yake yote; dume wa Marekani huangusha pembe zake kila mwaka mwishoni mwa majira ya baridi, na baada ya muda mfupi huanza kuotesha nyingine mpya. Pembe hizo mpya hukua tangu Machi au Aprili hata Agosti, zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya mafupi, na ndani yake damu hupita. Mwezi wa Septemba ngozi hukauka, naye dume huisugua kwenye miti mpaka itoke, na pembe hubaki mifupa mitupu. Ni machache sana katika miili ya wanyama yanayokua kwa haraka kama pembe hizo.

Yafaa ikumbukwe kwamba mnyama huyu alikaribia kutoweka. Mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji wa kuuza nyama na ngozi, pamoja na ukataji wa misitu, ulikuwa umewapunguza kulungu wa Marekani hata wakabaki laki chache tu katika nchi nzima. Mwaka 1900 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya wanyama waliowindwa kinyume cha sheria za majimbo, na mwaka 1937 ikapitishwa sheria nyingine iliyoamuru kodi ya bunduki na risasi itumike kwa kuhifadhi wanyama wa porini. Wawindaji wenyewe ndio walioilipa kodi hiyo, nao wanailipa hata sasa. Leo kulungu hao wanakadiriwa kufika kiasi cha milioni 30, na katika sehemu nyingine shida si uchache tena bali ni wingi, kwa kuwa hula mazao ya watu, huharibu miche ya msituni, na magari huwagonga barabarani mara zinazokadiriwa kupita milioni 1 kwa mwaka.

Ikiwa ni wengi hivyo, kwa nini walimiwe chakula? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Mwenye shamba anayependa kuwinda hutaka kulungu wakae katika ardhi yake, tena wawe na afya na pembe nzuri. Hilo ni tamaa ya mtu, wala hapana haja ya kulificha. Lakini liko pia jambo la mnyama mwenyewe. Katika msitu wa kusini mwa Marekani majani na vichipukizi huwa laini na vyenye nguvu katika Aprili na Mei. Ifikapo Julai na Agosti joto huwa kali, mvua hupungua mahali pengi, na majani yale yale huwa magumu kama ngozi na hayana tena lishe ya kutosha. Na hiyo ndiyo miezi ambayo dume anamalizia pembe zake na jike ananyonyesha. Mama anyonyeshaye huhitaji chakula kingi kuliko wakati mwingine wote wa mwaka, na asipokipata, mtoto ndiye adhoofikaye kwanza.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kulungu jike huchukua mimba kwa siku kama 200. Katika sehemu kubwa ya Georgia madume huwapanda majike mwezi wa Novemba, kwa hiyo watoto huzaliwa mwishoni mwa Mei au Juni. Lakini katika sehemu nyingi za Alabama, jimbo lililo jirani kabisa, kupandana huko huwa mwezi wa Januari, na watoto huzaliwa mpaka mwanzo wa Agosti, wakati ule ambapo msitu umechoka. Kwa hiyo mtu wa Alabama anayesema kwamba ataiga tu kalenda ya ndugu yake aliyeko Georgia hajafikiri vizuri. Yampasa kwanza ajue majike wa msitu wake huzaa lini, ndipo ahesabu kurudi nyuma, ili shamba liwe limejaa majani katika wiki zile ambazo mama ana mtoto kifuani.

Kunde ina faida kubwa kwa kazi hii. Wataalamu husema kwamba kulungu anayekua huhitaji chakula chenye protini kiasi cha 16 kwa mia, na majani ya kunde na ya njahi mara nyingi hupita 20 kwa mia. Mimea yote miwili huvumilia joto, tena hustahimili ukame kuliko soya. Kunde ilivuka bahari ya Atlantiki katika zama za biashara ya watumwa, ikashika sana katika mashamba ya kusini, na watu wa huko huila hata leo.

Lakini mimea ipendayo joto huchukia baridi, na hapo ndipo makosa huanzia.

Katika nchi ya Kenya mkulima hungoja mvua. Mwezi wa Machi hutazama mawingu, na masika yakishuka hupanda. Kule Marekani mvua huwapo hata katika baridi. Kinachongojwa ni joto la ardhi. Wakulima wa Limuru na Kinangop watafahamu maneno haya upesi kuliko watu wa Mombasa, maana wao wameiona jalidi, yaani baridi inayogandisha umande juu ya majani usiku na kuyaacha yamekuwa meusi asubuhi. Huko Marekani jalidi huja kila mwaka, na jalidi ya mwisho haina tarehe maalum. Katika mwambao wa kusini huweza kuondoka Machi. Katika milima huweza kurudi hata mwisho wa Aprili na kupita.

Watu wa zamani walitafuta dalili. Wenyeji wa asili wa Marekani wanasemekana waliwafundisha wageni kwamba mahindi hupandwa majani mapya ya mwaloni yanapofika ukubwa wa sikio la kindi. Dalili hiyo haikuwa upuuzi, kwa sababu mwaloni nao hungoja joto kabla ya kuchipua, na kwa hiyo mti ulikuwa ukimsomea mkulima hali ya ardhi. Watu wa mashambani kusini pia wana jina la baridi ya ghafula inayorudi kwa siku chache pale vichaka vya miiba vyenye matunda meusi vinapotoa maua, na mzee mwenye busara hapandi kunde mpaka baridi hiyo imepita.

Desturi nyingine haina msingi huo. Familia nyingi za kusini hupanda bustani zao siku ya Ijumaa Kuu. Wazo ni jema na siku ni tukufu, lakini Pasaka huhama pamoja na mwezi wa mbinguni, na Ijumaa Kuu huweza kuangukia siku yoyote kati ya tarehe 20 Machi na tarehe 23 Aprili. Mwaka mmoja ardhi ya siku hiyo huwa ya baridi kama maji ya kisimani, na mwaka mwingine huwa imekwisha kupata joto. Mbegu ya kunde haijui sikukuu. Inajua tu joto lililo karibu nayo.

Joto hilo ni kiasi gani? Kwa kunde na njahi inatakiwa ardhi ifike walau digrii 65 za Fahrenheit, yaani kama 18 za Celsius, nayo njahi hufurahi zaidi kama joto linapanda juu ya hapo. Soya huweza kuvumilia chini kidogo. Kupima si kazi ngumu. Mtu hununua kipima joto cha udongo cha bei ndogo, hukichomeka inchi 2 chini katika shamba lenyewe, wala si katika bustani iliyo karibu na ukuta wa nyumba, naye hukisoma saa 2 au saa 3 asubuhi, kabla jua halijaipasha moto ardhi ya juu. Akipata kipimo kinachofaa kwa siku 3 au 4 mfululizo, na habari za hali ya hewa zisitaje baridi kwa wiki ijayo, basi wakati umefika. Apimaye saa 9 mchana hujidanganya mwenyewe, kwa kuwa udongo wa mchana ni kama mtu aliyetoka jikoni.

Na uwekwe hapa mfano wa majirani wawili wenye mashamba katikati ya Georgia, kila mmoja na ekari 3. Wa kwanza aona siku nne za jua kali mwishoni mwa Machi, apata hamu, atoa trekta na kupanda. Ardhi ni digrii 12 za Celsius. Siku ya tano mvua ya baridi yaanguka. Mbegu zimekwisha kunywa maji na kuvimba, lakini hazina joto la kuzichipusha, nazo zalala wiki mbili katika tope huku ukungu wa udongoni ukizila. Chache zitokazo zina rangi ya manjano, na magugu ambayo hayaogopi baridi yamekwisha kuzitangulia. Jirani yake amekaa kimya. Katikati ya Aprili alima shamba mara moja na kuliacha, magugu yaota, baada ya wiki mbili ayaua, bila kuchimba tena chini sana asije akaamsha mbegu nyingine za magugu. Mwisho wa mwezi, ardhi ikiwa na joto na unyevu, apanda. Kunde zake zatokeza baada ya siku 5 hadi 7, zikiwa na nguvu, na baada ya wiki chache majani yake yafunika udongo hata magugu hayapati mwanga. Yule wa kwanza anunua mbegu mara ya pili. Mwezi mmoja alioudhani amewahi ndio uliomchelewesha.

Kuyaua magugu kabla ya kupanda si jambo la kulipuuza. Katika mashamba ya kusini mna aina ya mchicha mwitu ambao hukua kwa kasi ya kutisha hata kumpita mtu kwa urefu, na dawa zilizouua miaka iliyopita haziuwezi tena mahali pengi. Mkulima wa Kenya achumaye mchicha kwa mboga atacheka akisikia kwamba kuna nchi ambamo jamaa wa mchicha ni adui wa kwanza wa shamba la pamba.

Lakini wako pia wenye kukosea kwa upande mwingine, nao ni wale waambiwao "ngojeni" wakangoja hata Julai. Mbegu iliyopandwa Julai huota upesi, hilo ni kweli. Hata hivyo mche wake hukutana na jua kali na ukame kabla mizizi haijashuka, na njahi huhitaji kama miezi miwili kabla haijawa na majani ya kulisha wanyama wengi. Septemba itakapofika, pembe zimekwisha kukauka na wiki ngumu za kunyonyesha zimepita. Katika kusini ya Texas hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu kiangazi huko ni kikali mno; kwa hiyo watu wa huko hupanda Machi na Aprili, ardhi ikiisha tu kupata joto, ili kutumia unyevu uliopo. Kwenye pwani ya kusini ya Georgia na Alabama, katikati ya Aprili mara nyingi hufaa. Kaskazini mwa majimbo hayo ni Mei. Na katika majimbo ya baridi kama Pennsylvania na Michigan mtu hungoja mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, tena huchagua mimea imalizayo kazi mapema, maana jalidi ya mwisho wa mwaka itamrudia upesi.

Unyevu nao una sheria yake. Kupanda katika vumbi kwa tumaini la mvua ni kucheza kamari. Ikija mvua kubwa, mpandaji ameshinda. Ikija manyunyu ya robo inchi, mbegu huvimba, huanza kuchipua, kisha jua huziua. Kenya mvua kama hiyo imewapokonya wengi mbegu zao, na huko Marekani hali ni hiyo hiyo. Mbegu huwekwa inchi 1 hivi chini ya udongo wenye unyevu wa kutosha, na udongo hushindiliwa kidogo juu yake.

Sasa kuna jambo la tatu linalohusu wakati, na pengine ndilo linalowaumiza wapandaji wengi kuliko baridi. Kunde ikiwa changa ni tamu mno. Kulungu aking'ata mche wenye majani mawili, hukata kichwa chake na mche hufa. Aking'ata mmea wa wiki sita, mmea huchipua upya kutoka pembeni. Kwa hiyo wiki 4 hadi 6 za kwanza ni vita kati ya mche na mdomo. Kulungu mwenye uzito wa ratili 100 hula ratili 6 hadi 8 za majani mabichi kwa siku. Wakija 20 katika shamba dogo, watatafuta zaidi ya ratili 120 kila siku, na shamba la nusu ekari lililotoka tu ardhini halitaona mwisho wa wiki. Wengi husimama katikati ya shamba tupu wakisema kwamba mbegu ilikuwa mbovu, kumbe mbegu ilikuwa njema na imekwisha kuliwa.

Hapa wakati unaofaa husaidia mara mbili. Mtu akipanda mwisho wa Aprili au Mei, miche hutoka wakati msitu wote umejaa vichipukizi, na kulungu hana sababu ya kukaa shambani usiku kucha. Tena, ikiwa majirani wanapanda soya zao za kuuza katika wiki hizo hizo, midomo hugawanyika. Hata hivyo, shamba lililo chini ya ekari 2 au 3 katika msitu wenye kulungu wengi lina hatari. Wengine huzungushia waya wa umeme kwa wiki sita za kwanza, kisha huuondoa. Wengine huchanganya kunde na mtama au alizeti, ili kunde ipande juu na kujificha kidogo. Mwenye kashamba kadogo sana angefanya vyema kuacha kunde kabisa, na badala yake apande shayiri na klova zinapofika siku za baridi.

Ili kujua ukweli, yafaa kuweka kizimba cha waya katikati ya shamba, cha mviringo, upana wa futi 3 au 4, ambamo kulungu hawezi kuingiza mdomo. Ndani ya kizimba huonekana shamba lingekuwaje kama lisingeliwa. Nje huonekana lilivyoliwa. Ikiwa ndani na nje ni sawa baada ya wiki nne, kulungu ni wachache au wana chakula kingine. Ikiwa ndani mimea imefika magotini na nje ni udongo mtupu, basi kosa si la mbegu wala la siku ya kupanda. Kulungu wamezidi, na dawa yake si kulima ekari nyingine bali ni kuwinda majike wengi zaidi, jambo ambalo wawindaji kadha wa kadha huona uzito kulifanya kwa kuwa macho yao yako kwenye pembe tu.

Mashamba haya yasichanganywe na desturi ya kumwaga mahindi chungu chungu msituni ili kulungu waje wapigwe risasi. Majimbo kadhaa hukataza chungu hizo lakini huruhusu mimea iliyopandwa na kukua. Sababu mojawapo ni ugonjwa unaowakondesha kulungu na kuharibu ubongo wao, ambao hauna tiba. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 katika jimbo la Colorado, na sasa umefika katika majimbo zaidi ya 30. Wanyama wakikusanyika mdomo kwa mdomo penye chungu moja, ugonjwa hupata njia. Shamba pana huwatawanya kidogo, ingawa haliwezi kusemwa kuwa ni salama kabisa. Kwa Kenya mambo ya kuwavuta wanyama kwa ajili ya kuwinda hayapo, kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Matayarisho ya shamba huanza miezi mingi kabla ya kipima joto kuchomekwa ardhini. Udongo wa msitu wa misonobari una uchachu mwingi, na kunde hutaka kipimo cha pH kilicho karibu na 6 au 6.5. Chokaa hufanya kazi polepole, kwa hiyo hutiwa katika miezi ya baridi, baada ya udongo kupimwa. Tena, mbegu huchanganywa na vile vijidudu viishivyo katika vifundo vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni kutoka hewani. Kunde na njahi hutumia aina moja ya vijidudu. Soya huhitaji aina yake peke yake. Ni viumbe hai, na jua kali huviua, basi huchanganywa kivulini na mbegu hupandwa siku ile ile.

Liko pia shauri la nini kiondoke ili kunde iingie. Ardhi nyingi za namna hii huwa na ngano, shayiri na klova zilizopandwa Septemba au Oktoba. Mwenye pupa huzilima Aprili mapema, na hivyo huondoa chakula kizuri kilichopo ili apande kisichokuwapo bado. Klova nyekundu hutoa maua Aprili na kukomaza mbegu Mei. Ikiachwa mpaka mbegu zianguke, huota yenyewe mwisho wa mwaka bila gharama. Kwa mtu kama huyo, kungoja katikati ya Mei si uvivu.

Imebaki njahi. Akina mama wa Kikuyu wanajua tangu zamani kwamba mama aliyejifungua hupikiwa njahi apate nguvu na maziwa, na wasingeshangaa kusikia kwamba mmea huo huo hupandwa Marekani kwa ajili ya majike wanaonyonyesha, ijapokuwa huko huliwa majani badala ya punje. Aina iliyopata sifa kubwa duniani kwa majani ya malisho huitwa Rongai, kwa kuwa mbegu yake ya kwanza ilitoka Rongai, nchini Kenya. Wataalamu wa Australia waliitoa kwa wakulima wao katika miaka ya 1960, na kutoka huko ikaenea.

Kwao Rongai, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Mmea huo hutoa maua mchana unapokuwa mfupi. Ukipelekwa Texas na kupandwa Mei, hukutana na mchana wa Juni unaopita saa 14, nao hauoni dalili ya kutoa maua. Huendelea tu kutoa majani, wiki baada ya wiki, hupanda juu ya mtama, hufunika alizeti, na kulungu hula na kurudi. Ni mpaka mwisho wa Septemba, mchana wa Texas unapolingana na ule wa Bonde la Ufa, ndipo njahi hukumbuka maua. Na kabla maganda hayajakomaa, jalidi huja na kuyaua yote usiku mmoja. Kwa sababu hiyo mwenye shamba hawezi kuweka akiba ya mbegu ya Rongai, naye hulazimika kununua nyingine kila mwaka. Wataalamu wa Texas walichagua aina nyingine, waliyoiita Rio Verde, inayowahi kutoa maua na kukomaza mbegu huko huko, tena inayostahimili kung'atwa. Bei ya mbegu ya njahi huwa juu kuliko ya kunde, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoichomeka katika ardhi ya baridi.